Mtoto akiumia uwanjani, nani anabaki naye?

Jioni yoyote pale Sakina, ukishuka kwenye daladala barabara ya Namanga na kuingia mitaani, utawakuta. Mawe mawili yamewekwa kuwa goli, sare za shule zimetupwa pembeni, na mpira unapigwa mpaka giza linaingia. Alfajiri wapo wengine, wembamba na wepesi, wanakimbia kuelekea Ngaramtoni huku Mlima Meru ukiwa bado umejifunika mawingu.

Watoto hawa wana sababu ya kuota ndoto kubwa. Tarehe 15 Septemba 2025, Alphonce Simbu, ambaye amefanya mazoezi yake mengi hapa Arusha, alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia jijini Tokyo na kuipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo. Olmoti, upande mwingine wa jiji letu, unajengwa uwanja wa watazamaji wapatao 30,000 kwa ajili ya AFCON 2027, mashindano ambayo Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa mwaka 2023 kuyaandaa kwa pamoja. Vituo vya kufundisha soka vinaongezeka, na wazazi waliokuwa wakisema mpira ni uhuni sasa wanauliza viatu vya mpira vinauzwa wapi.

Hizi ni habari njema, kwa sababu mtoto anayecheza hujenga mifupa, moyo na urafiki. Lakini kila panapoongezeka michezo, huongezeka pia vifundo vilivyoteguka, magoti yaliyochanika na mikono iliyovunjika. Fedha za uwanja zimetengwa na mkandarasi anajulikana. Je, mtoto anapotolewa nje akichechemea, nani anamchukua? Mara nyingi jibu ni wewe: mama, bibi, shangazi au dada mkubwa. Makala hii inaeleza kwa nini nafasi yako ina uzito mkubwa katika kupona kwake, na kwa nini hupaswi kuibeba peke yako.

Kupona huendelea baada ya hospitali

Tuchukue mfano ambao wengi watautambua. Binti wa miaka 14 anacheza netiboli shuleni. Anaruka kudaka mpira, anatua vibaya, goti linatoa mlio na kuvimba jioni ile ile. Hospitali wanasema kano ya ndani ya goti imechanika. Anapewa dawa za maumivu na magongo, anapangiwa mazoezi tiba, na anaambiwa michezo isubiri kwa miezi mingi.

Daktari amemwona kwa nusu saa. Mtaalamu wa fiziotherapia atamwona labda mara moja kwa wiki. Saa zote zilizobaki yuko nyumbani, shuleni na mtaani. Huko ndiko atakakofanya mazoezi au kuyaacha, atakula vizuri au vibaya, ataamini kwamba atapona au atakata tamaa.

Watafiti wameliangalia jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 2014 yalichapishwa majumuisho ya tafiti zilizofuatilia watu zaidi ya 7,000 waliofanyiwa upasuaji wa kano ya goti. Watu 81 kati ya 100 walirudi kwenye mchezo wa aina fulani, 65 walirudi kwenye kiwango chao cha zamani, na 55 tu walirudi kwenye mashindano. Kwa baadhi ya wasiorudi, goti lenyewe lilikuwa limepona. Kilichowazuia ni hofu ya kuumia tena na kupoteza kujiamini. Hofu haitibiwi kwa kisu wala kidonge. Hupungua mtu anapozungukwa na watu wanaomwelewa na kumsindikiza hatua kwa hatua.

Kuna utafiti mwingine, wa mwaka 2010, uliofanywa kwa wanamichezo wa vyuo vikuu nchini Marekani. Kabla ya kuumia, waliegemea zaidi familia na marafiki. Baada ya kuumia, waliwaegemea zaidi makocha, madaktari na wataalamu wa tiba ya michezo wa timu zao. Hapo ndipo tofauti yetu na wao ilipo. Kule, mtu wa kukaa na mchezaji aliyeumia ni mwajiriwa: ana ofisi, mshahara na ratiba. Timu ya mtaani Sakina haina mtu huyo, na shule nyingi hazina pia. Kazi yake haijafutika, ila imehamia jikoni kwako bila mtu yeyote kukuaga wala kukufundisha.

Msaada una sura tatu

Watu wanaposema "tuko pamoja nawe," huenda wanamaanisha mambo tofauti. Ni vizuri kuyatenganisha, ili ujue kipi kinapungua nyumbani kwako na umwombe nani.

*Msaada wa mikono.* Huu ni nauli ya kwenda kliniki, mtu wa kumbebea mkoba wa shule, ndoo ya maji ambayo asiibebe yeye, kiti cha kuogea, chakula chenye maharage, mayai, dagaa au maziwa ili misuli ijengeke. Unaonekana mdogo, lakini ndio unaoamua kama atahudhuria mazoezi tiba mara nane au mara mbili tu.

*Msaada wa maelezo.* Mtoto anataka kujua nini kimeharibika, kwa nini goti bado limevimba, na lini ataruhusiwa kukimbia. Asipoambiwa, atasikiliza maneno ya mtaani. Nenda kliniki na daftari. Muulize mtaalamu akuonyeshe kila zoezi, mara ngapi kwa siku, na maumivu ya namna gani ni ya kawaida. Kama simu yako inarekodi, omba ruhusa umrekodi mtoto akifanya zoezi mbele ya mtaalamu, mkaangalie tena nyumbani.

*Msaada wa moyo.* Mtoto aliyeumia hupoteza zaidi ya mchezo. Hupoteza marafiki wa saa kumi jioni, jina lake kwenye kikosi, na kile alichokuwa akijivunia. Anaweza kuwa mkali, kunyamaza, kukosa usingizi au kuchukia shule. Hiyo si jeuri. Kaa naye bila kumhubiria. Neno kama "najua inauma kuwaona wenzako wanacheza" linamsaidia kuliko "si mguu tu, utapona."

Mtu mmoja hawezi kutoa yote matatu kila siku. Kaka anaweza kusimamia mazoezi ya jioni, jirani mwenye bodaboda akampeleka kliniki, mwalimu akamtumia masomo, na rafiki wa timu akaja kukaa naye Jumamosi. Wewe unakuwa mpangaji. Ukiona unafanya yote, ujue bado hujaomba, na kuomba si aibu.

Mashujaa wetu nao walihitaji muda

Watoto wetu wamesimuliwa habari za John Stephen Akhwari wa Mbulu, ambako siku hizi ni Mkoa wa Manyara. Tarehe 20 Oktoba 1968, kwenye marathoni ya Olimpiki jijini Mexico City, alianguka njiani, akaumia goti na bega. Aliendelea huku mguu ukiwa umefungwa bendeji, akamaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Dunia nzima inamkumbuka.

Ni habari ya kujivunia, lakini tuiangalie vizuri kabla ya kuifanya somo kwa mtoto wa darasa la saba. Akhwari alikuwa mtu mzima, kwenye mbio ambazo huja mara moja kwa miaka minne, na uamuzi ulikuwa wake. Mtoto aliyeteguka kifundo kwenye mechi ya shule Ijumaa hana sababu ya kuendelea, kwa kuwa Ijumaa nyingine ipo. Tena habari ya Akhwari haikuishia Mexico. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola jijini Edinburgh, alikimbia tena marathoni na kushika nafasi ya 5. Sehemu hiyo hatuwasimulii watoto, nayo ndiyo yenye somo kwao: mwili uliumia, ukapata muda, ukarudi.

Jirani zetu Kenya wana David Rudisha, kijana wa Kimaasai aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, dakika 1 na sekunde 40.91. Mwaka uliofuata aliumia goti, akayakosa Mashindano ya Dunia ya Moscow. Alikuwa na kocha aliyemlea tangu ujana wake, Brother Colm O'Connell wa Iten, na alikuwa na uwezo wa kupata madaktari. Hata hivyo, ilipita miaka miwili ndipo akatwaa tena dhahabu ya dunia, Beijing 2015, na mwaka 2016 akatetea dhahabu yake ya Olimpiki jijini Rio. Ikiwa mwenye rekodi ya dunia alihitaji subira ya namna hiyo na watu wa kumshika mkono, mtoto wako asione aibu kwa kuambiwa asubiri muhula mmoja.

Msaada unaoumiza

Watu wengi karibu na mtoto si lazima wawe msaada. Kuna mambo yanayofanywa kwa mapenzi mema lakini yanachelewesha kupona.

*Kuchua palipovimba.* Hii ni kawaida yetu: mtoto akiteguka, anapelekwa kwa anayejua kuchua, anavutwa na kukandwa na mafuta ya moto. Mifupa ya mtoto ina sehemu laini karibu na maungio, na hapo ndipo mfupa unapokulia. Pakiwa pamevunjika, kwa nje huenda ukaona uvimbe tu. Kuvuta na kukanda kunaweza kuusogeza mfupa na kuharibu ukuaji wake. Apimwe kwanza. Kama bibi anataka kushika, ashike mkono wa mtoto na kumwombea, mguu uachwe utulie.

*Kulaza kupita kiasi.* Huruma humfanya mama aseme, "Usiinuke, nitakuletea." Siku mbili tatu za kwanza, pumziko, kuinua mguu juu ya mto na kuufunga bendeji isiyobana sana ni sawa. Baada ya hapo, majeraha mengi ya kano na misuli hupona vizuri mtu akianza kutembea na kujinyoosha taratibu kama alivyoelekezwa. Akilala wiki nne, misuli ya paja inakonda na goti linakuwa gumu.

*Kuharakisha.* Kocha ana fainali, wenzake wanapiga simu, na mtoto mwenyewe anasema hana maumivu tena. Utafiti uliofanyika Norway na kuchapishwa mwaka 2016 uliwafuata waliofanyiwa upasuaji wa kano ya goti. Kila mwezi waliochelewa kurudi mchezoni, mpaka kufikia mwezi wa 9, uwezekano wa kuumia tena goti ulipungua kwa takriban nusu. Maumivu kuisha hakumaanishi goti limepona. Mwenye kuruhusu mchezo ni mtaalamu aliyepima nguvu za mguu, na kazi yako ni kumlinda mtoto dhidi ya ratiba ya wengine.

*Kejeli na lawama.* "Nilikwambia mpira hauna maana." "Umejitakia." Mtoto anayelaumiwa hujifunza kuficha. Safari nyingine ataumia kichwa na hatasema, na hapo hatari ni kubwa zaidi.

Tuwaangalie wasichana kwa jicho la pekee

Katika michezo ya kuruka na kukata kona kwa ghafla, kama netiboli, kikapu na soka, wasichana wana hatari kubwa zaidi ya kuchanika kano ya goti kuliko wavulana. Wakati huo huo, wao ndio hupata msaada mdogo. Mvulana aliyeumia huachwa apumzike, lakini msichana huambiwa, "Angalau osha vyombo ukiwa umekaa," na baada ya wiki moja yuko kisimani. Mara nyingi kuumia huwa sababu ya kumwondoa kabisa michezoni, kana kwamba alikuwa akisubiriwa aanguke.

Kama una binti aliyeumia, gawa kazi zake za nyumbani waziwazi, na kaka zake wapewe sehemu yao. Mwulize kama anataka kurudi mchezoni, na umwachie ajibu yeye.

Wiki kwa wiki: nini kifanyike

*Siku tatu za kwanza.* Mpumzishe, inua palipoumia, mpeleke apimwe. Kutoka Sakina unaweza kuelekea Selian upande wa Ngaramtoni, au mjini kwenye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru. Uliza kama bima yake inalipia mazoezi tiba pamoja na picha na dawa, ili usishtukizwe baadaye. Mkipewa rufaa ya mbali zaidi, kwa mfano KCMC Moshi, panga mapema nani atabaki na wadogo.

*Wiki ya pili mpaka ya sita.* Weka saa moja ya mazoezi kila siku, ile ile, labda baada ya chai ya jioni. Chora mistari kwenye karatasi ukutani, moja kwa kila siku aliyofanya, ili mtoto aone anavyosonga. Zungumza na mwalimu wa darasa, kwa sababu kukosa masomo huongeza huzuni.

*Mwezi wa pili na kuendelea.* Mrudishe kwenye timu hata kabla ya kucheza. Ahesabu pointi, ashike saa, abebe koni, asaidie kufundisha wadogo. Timu inayomtambua mtoto akiwa amekaa pembeni humpunguzia hofu ya kurudi ndani.

*Kabla ya mechi ya kwanza.* Mweleze kocha kwa kinywa chako mwenyewe, au kwa maandishi ya kliniki, nini kimeruhusiwa. Muulize pia kama timu inafanya mazoezi ya kupasha mwili. Programu ya FIFA iitwayo 11+ huchukua dakika 20 hivi, haihitaji vifaa zaidi ya mpira, na tafiti zimeonyesha kwamba timu zinazoifanya angalau mara mbili kwa wiki hupunguza majeruhi kwa kiasi kikubwa.

Dalili za kwenda hospitali bila kusubiri

- Hawezi kukanyaga hatua nne, au mguu au mkono umepinda.
- Sehemu ya chini ya palipoumia ina ganzi, imekuwa baridi au imebadilika rangi.
- Amefungwa hogo na maumivu yanazidi, au vidole vimevimba na havichezi.
- Amegonga kichwa kisha anatapika, anachanganyikiwa, anasinzia kupita kawaida, ana degedege au kichwa kinazidi kuuma. Aliyegonga kichwa asirudi mchezoni siku hiyo, hata akisema yuko sawa.
- Ungio limevimba, ni jekundu, na ana homa.
- Uvimbe au maumivu ya mfupa, hasa karibu na goti, yanamwamsha usiku na hayaishi kwa wiki kadhaa. Wakati mwingine tunalaumu mpira kumbe kuna ugonjwa mwingine unaohitaji kuwahiwa.
- Anasema hataki kuishi, au amejitenga na kila mtu. Hilo nalo ni la hospitali, leo hii.

Tunachopaswa kuomba, na kwa nani

Mama akijipanga vizuri anaweza kuokoa goti moja. Magoti yote ya mtaa yanahitaji watu zaidi. Kwenye kikao cha wazazi, uliza maswali matatu: Nani amefundishwa huduma ya kwanza kwenye timu hii? Mtoto akiumia, nani anampeleka hospitali na kwa fedha zipi? Nani anamfuatilia mpaka arudi? Kama hakuna jibu, pendekezeni hatua ndogo: mzazi mmoja au mwalimu mmoja apate mafunzo ya huduma ya kwanza, uwepo mfuko mdogo wa nauli, na daftari la majeruhi litunzwe na timu. Wanawake wa mtaani wamekuwa wakiendesha vikoba na michango ya misiba kwa miaka mingi, kwa hiyo uwezo huo tayari upo.

AFCON itakuja 2027 na itaondoka. Uwanja utabaki Olmoti, na watoto wa Sakina wataendelea kuweka mawe mawili kuwa goli. Mmoja wao ataanguka jioni ya leo. Wenzake watamzunguka kwa dakika chache, kisha watarudi kucheza. Ukimwona anaingia getini akichechemea, usianze na ugomvi. Mkalishe, mwangalie, kisha jiulize ni nani wa kumwita, na umwite.